Punje Nne za Elfu Sabini

Kila nikisaga pilipili manga, harufu yake hunirudisha kwenye mkeka kule Kinole, alasiri tuliyomsomea marehemu mama yangu tahlili elfu sabini.

Tulihesabia punje za pilipili: kila punje ilikuwa tahlili mia, yaani "La ilaha illallah" mara mia. Mama na dada zake walikuwa saba, na kila msiba waligawana sawasawa, elfu kumi kila mmoja. Siku ile mama mkubwa aligawa kwa mazoea. Fungu la saba likakaa pasipo na mtu.

"Dada, tupo sita," mama mdogo alisema taratibu.

Mama mkubwa akaligawa upya lile fungu, punje moja moja. Akarudia. Mara zote mbili zilibaki nne.

"Haigawanyiki kwa sita," nikamwambia.

"Huyu naye kama mama yake, hesabu mdomoni," mama mdogo akasema. Wakacheka kidogo.

Mama mkubwa akanisogezea zile nne. "Hizi zako, mwanangu. Zisipotimia, mama yako hatujamsindikiza."

Nikasoma polepole. Punje ya mwisho niliishika hadi ikalowa jasho. Wenzangu walikuwa wamemaliza, wanautazama mkono wangu, nami sikutaka hesabu itimie.