Siku Mama Mkwe Alipovua Sweta

Yule askari alinibonyeza titi la kushoto kwa mtutu wa bunduki, akahisi ugumu, akacheka, akamwita mkubwa wake.

"Chef, huyu mama iko anaficha mali!"

Mali gani jamani? Kilichokuwa mle ni uvimbe. Na mimi nilikuwa njiani kwenda kupimwa nijue kama utaniua.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana mambo yalianzia nyumbani, mtaa wa Mulongwe, Uvira, kwenye pipa la kanyanga.

Naitwa Pélagie. Napika kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji. Na mpishi wa kanyanga lazima aonje. Inapoanza kudondoka unaonja, katikati unaonja, mteja akilalamika unaonja tena mbele yake ili umnyamazishe.

Kwetu sisi wapishi hiyo haiitwi kunywa. Mtu akikuuliza kama unakunywa, unajibu hapana bila kupepesa macho. Jioni unalala na viatu.

Mama mkwe wangu, Inamahoro, ndiye alikuwa kinyume changu. Mlokole wa kupitiliza. Hakunywa, hakuvuta, alinyonyesha watoto wake wote, alilima bonde la Ruzizi tangu usichana. Alikuwa na sweta lake zito ambalo hata jua la saa saba halikumvua. Tulidhani ni uzee tu.

Nilipomwambia nina kitu kigumu kwenye titi, hata pole hakutoa.

"Ile ugonjwa iko ya balevi," alisema. "Muntu anaishi muzuri haimugusi. Weye acha hiyo dawa ya shetani."

Iliniuma sana. Nilitamani kumtupia kopo.

Lakini nesi wa zahanati ya Kasenga aliposema nivuke mpaka niende Bujumbura nikapigwa picha ya matiti, ni yeye huyo huyo aliyefunga kitambaa kichwani. Mume wangu Placide alikuwa Kalemie kikazi. Mama mkwe akasema siendi peke yangu, basi, mjadala umefungwa.

Asubuhi ya safari mabomu yakaanza kuanguka.

Mji mzima ulimwagika barabarani kuelekea Kavimvira, mpakani. Magodoro, mbuzi, bibi vizee kwenye toroli. Niliona pikipiki imelala na dereva wake chini yake, tumbo limefunguka. Watu walikuwa wanamruka. Na mimi nilimruka.

Kabla ya mpaka tukakuta kamba imekingwa barabarani na vijana wenye bunduki. Usiniulize ni wa kundi gani. Siku hiyo kila mwenye bunduki alikuwa serikali.

Sasa, kila mtu Uvira anajua kwamba wanawake wetu wakivuka mpaka, vitu vya thamani vinakaa kwenye sidiria. Wenye bunduki nao wanajua. Walikuwa wanatupapasa mmoja mmoja kama wanachagua nyanya.

Mama aliyekuwa mbele yangu alikataa. Walimpiga kitako cha bunduki mdomoni, meno yakadondoka vumbini. Wakachomoa simu kifuani mwake, wakamsukuma kwa teke.

Ikafika zamu yangu.

"Toa mali!"

"Chef, haiko mali. Iko ugonjwa. Minye naenda hospitali."

"Weye mama unatuona bapumbavu?"

Kofi. Kisha goti la tumbo. Nilianguka chini. Mmoja akanikanyaga mkono, mwenzake akanichania blauzi na kukata sidiria. Hawakukuta kitu, na ugumu bado upo palepale. Unadhani waliniacha? Wapi!

Yule aliyenibonyeza kwa mtutu akawaambia wenzake kwamba wanawake wa Uvira siku hizi wanashonewa dhahabu ndani ya nyama. Akachomoa kisu.

Ncha iliingia. Nilisikia moto, halafu damu ya vuguvugu ikanishuka mbavuni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

"Muache!"

Alikuwa mama mkwe. Amesimama juu yangu, anavua sweta.

Foleni nzima ikashika midomo. Kwetu mama mzee akikuvulia nguo kwa hasira, umekwisha. Hiyo ni laana, na hata mwenye bunduki ana mama. Kisu kikasimama.

"Mama, vaa nguo," chef alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Sivae! Munatafuta mali mu maziwa ya bamama? Kuja basi, angalia yangu!"

Akafungua mpaka mwisho.

Jamani. Titi lake la kulia halikuwepo. Palikuwa na kidonda, cheusi pembeni, chekundu katikati, na kitambaa chenye majani yaliyopondwa kikining'inia. Harufu ilitufikia sote. Yule mwenye kisu aligeuka akatapika.

"Pita! Mupite mbio!" chef alifoka.

Tulipita. Upande wa Gatumba, ndani ya Burundi, nikamkalisha kwenye majani, mimi navuja damu, yeye anarudisha sweta lake.

"Mama, tangu lini?"

"Zamani."

"Na hukusema?"

"Ningesema je? Nilishaambia batu bote ni ugonjwa ya balevi. Kanisa ingesema Inamahoro anakunywa kwa kujificha."

Nilimkumbatia nikalia. Hasira zote nilizokuwa nazo juu yake sikuziona tena.

Bujumbura, daktari mmoja, Nsengiyumva, alinishona. Jeraha lilipopona akanipiga picha. Akaniuliza kama nakunywa pombe.

"Hapana dokta. Naonja tu."

"Unaonja lini?"

"Nikipika."

"Unapika lini?"

"Kila siku."

Akaweka kalamu chini, akanitazama.

Picha ilitoka nyeupe tupu. Akanieleza kwamba matiti yangu yana nyama nyingi kuliko mafuta. Nyama inatoka nyeupe, uvimbe nao unatoka nyeupe, ni kama kutafuta punje ya chumvi kwenye unga wa muhogo. Wengi huzaliwa hivyo. Lakini pombe inaweza kuzidisha hali hiyo, na yenyewe inaongeza hatari ya kansa, hata kama unaiita kuonja.

Ikabidi anichome sindano, atoe kipande, akipeleke kupimwa.

Haikuwa kansa.

Mama mkwe hakuhitaji sindano. Kansa yake ilikuwa imeshafika kwenye ini. Hakunywa tone maisha yake yote, na ilimla yeye.

Kabla hajafa alinishika mkono akaniomba kitu kimoja: kanisani wasijue. Nikamkubalia.

Kwenye mazishi, hukohuko Bujumbura, waumini wenzake waliokimbia vita walijaa. Mchungaji akasema vita vimemuua mama yetu. Kila mtu akaitikia amina.

Nikasimama. Nilijua navunja ahadi, lakini nikasimama.

"Vita havikumuua," nilisema. "Alikuwa na kansa ya titi. Hakuwa mlevi. Alikufa kwa sababu alituogopa sisi, sisi tuliokaa hapa."

Wengine walinizomea. Wifi yangu mpaka leo hanisalimii.

Lakini tulipotoka makaburini, mke wa mchungaji alinivuta pembeni, akatazama huku na huku, akaushika mkono wangu na kuuweka chini ya kwapa lake.

"Gusa hapa," alisema. "Iko nini?"

Dada yangu unayesoma, acha pombe kama unakunywa. Unakunywa au hunywi, jipapase leo hii hii. Na ukikuta kitu, sema.