Jibu la Posa Lililokwama Stesheni

Mgeni akiuliza njia ya kwenda kwa Mwalimu Levina pale Kibaoni, Ifakara, huambiwa, "Nyoosha tu mpaka usikie treni inapiga honi ndani ya nyumba. Hapo ndipo." Wasiojua hudhani wanataniwa. Wakifika, wanamkuta mama mrefu, kilemba kimekaa sawasawa, ua umefagiwa mpaka ardhi inaonyesha michirizi ya fagio, na ndani kweli kuna treni.

Levina alizaliwa upande wa Mahenge, akasomeshwa na masista, akafundisha hesabu mpaka alipostaafu. Kwao alifunzwa kwamba jina zuri la nyumba halikai lenyewe. Hufuliwa na kupigwa pasi kila mara, kama shati la Jumapili. Ndiyo maana mumewe Salvatory, mtu wa reli, alipoanza kuchezea treni ndogo mara tu baada ya kustaafu, mkewe aliona haya. Treni hizo alizirithi kwa daktari mgeni aliyekuwa rafiki yake, ambaye aliporudi kwao hakutaka kulibeba tena sanduku lake. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anasukuma vibehewa! Levina akawa anafunga pazia.

Lakini Salvatory hakuwa anacheza. Alijenga bonde zima. Milima ya Udzungwa aliifinyanga kwa magunia na jasi, mto Kilombero aliutengeneza kwa vipande vya kioo, na mashamba ya mpunga aliyapaka rangi mpaka ungedhani yataomba kupaliliwa. Reli ilianzia chumbani, stesheni ya Mlimba, ikapita kwenye tundu la ukutani lililokuwa handaki, ikatokea sebuleni juu ya meza ya chini yenye kimo cha stuli. Hapo ndipo ilipokuwa stesheni ya Ifakara, na mgeni aliyekaa kwenye kochi aliweza kuipokea treni kwa mkono. Siku Levina alipoombwa kwa unyenyekevu amsaidie mumewe kukokotoa mwinuko wa reli mlimani, pazia lilifunguliwa, na halikufungwa tena.

Salvatory aliacha neno moja kabla hajafariki. Binti yao Valeria akija kuposwa, jibu lake lisipelekwe kwenye sinia kama kwa watu wengine. Lije kwa treni. Valeria akikubali, aweke kitambaa cheupe kwenye behewa la wazi kule chumbani, na treni ikifikishe mbele ya waposaji.

Na sasa siku imefika. Kijana anaitwa Kija, wa familia ya Wasukuma waliohamia Lupiro na kulima mpunga huko. Levina alikwisha mwambia mshenga wao, Evod, kwa sauti ya kutosha kusikika jumuiya nzima, "Jibu letu halitembei kwa miguu, baba. Linapanda treni." Habari ikavuka daraja la Kilombero kabla Evod mwenyewe hajavuka.

Ijumaa nyumba ilisuguliwa. Masufuria, nyavu za madirisha, bawaba za milango, miguu ya meza: hakuna chuma kilichobaki bila kung'aa. Levina alilala akiwa na amani ya mtu aliyemaliza kazi.

Jumamosi asubuhi aliingia chumbani, akawasha kisanduku cha kuongozea treni. Taa ikawaka kijani, ikapepesa, ikageuka nyekundu. Akazima, akawasha. Nyekundu. Kichwa cha treni, kile cha bluu alichokipenda marehemu, hakikutikisika wala kuguna.

"Mama, wamesema wameshafika kwenye daraja," Valeria aliita kutoka jikoni, simu ikiwa begani.

Wifi yake Levina, Stefania, dada wa marehemu na shangazi wa Valeria, alichungulia mlangoni. Alipoiona ile taa alishika kifua.

"Wifi, usiniambie! Jibu likikwama njiani, watu watasema ndoa imekwama. Wasukuma hawa watarudi Lupiro na kusema marehemu amekataa!"

"Marehemu hajakataa kitu. Reli ndiyo imekataa."

"Basi lete sinia. Mimi nalibeba hilo jibu mwenyewe, tena kwa vigelegele."

Neno lilikwisha toka, na lilitoka kwa jina la Salvatory. Kulirudisha kwenye sinia kungekuwa kusema kwamba wale waliomcheka mzee na vibehewa vyake walikuwa na haki.

Macho yake yakatua kwenye waya mrefu uliopita ukutani. Shemeji yake Fulgence, mdogo wa marehemu, alikuwa amekuja na spika mbili zenye ukubwa wa kabati.

"Shemeji! Ni spika zako! Umenyonya umeme wote wa nyumba!"

Fulgence akatokea akiwa na kikombe cha chai. "Shemeji, shikamoo kwanza. Spika hazijawashwa. Tena nimezichomeka kwenye soketi ya barazani. Hata wakiimba malaika humu, si mimi."

"Toa waya wako."

Akautoa. Taa ikabaki nyekundu. Stefania hata hivyo akatikisa kichwa, kama hakimu aliyekwisha andika hukumu. "Vitu vya huyu Fulgence, hata vikitolewa, madhara yanabaki."

Ndipo Levina akakumbuka alivyofundishwa. Salvatory alikuwa akisema treni ikisimama usiipigie kelele. Iulize maswali, moja moja, kuanzia pale umeme unapoingia. Akavuta stuli, akavaa miwani.

Swali la kwanza: umeme upo? Friji linaunguruma, na taa ya kisanduku inawaka. Kisanduku kilichokosa umeme huwa giza. Hiki kilikuwa chekundu. Maana yake kilikuwa na umeme lakini kilikuwa kimeukata chenyewe. Treni hii haikuwa ya kuongeza umeme ndipo ikimbie. Reli zake zilibeba umeme wakati wote, na ndani ya umeme huo zilipita amri. Kila kichwa kilikuwa na namba yake na kilisikia amri yake tu. Lakini reli ya kushoto ikigusana na ya kulia kwa chuma chochote, hiyo ni shoti, na kisanduku hufunga umeme papo hapo ili vichwa visiungue.

Swali la pili: shoti iko kwenye kisanduku au kwenye reli? Akazichomoa nyaya mbili zinazokwenda relini. Taa ikageuka kijani, ikatulia.

"Kisanduku kizima," alisema.

"Mungu mkubwa," alisema Stefania, ambaye hakuelewa chochote lakini alipenda rangi ya kijani.

Swali la tatu: ni vichwa vyenyewe? Akarudisha nyaya, akainua vichwa vyote vitatu na mabehewa yote, akavipanga juu ya kitanda kama vifaranga. Nyekundu. Basi si vichwa.

Nje pikipiki zilisikika, kisha gari, kisha wimbo. Wageni!

"Shemeji, wazuie," alisema Levina bila kuinua kichwa.

Fulgence alikwisha tuhumiwa asubuhi ile, lakini hakununa. Alienda mlangoni, akauziba kwa mwili wake.

"Hodi!" Evod aliita.

"Hodi ya wapi?"

"Ya Lupiro! Tumeona jiko zuri katika nyumba hii."

"Lupiro ni ng'ambo. Mmevukaje?"

"Tumepita darajani, mzee."

"Daraja liko huko nje. Humu bado tunavuka kwa kivuko, na kivuko hakijajaa. Imbeni kwanza, abiria waongezeke!"

Wakacheka, wakaimba. Wakaimba ya pili. Kwenye wimbo wa tatu mama mmoja wa kwao akauliza kwa sauti kama kivuko hicho kinaendeshwa na kobe, na Fulgence akamjibu kwamba kobe yupo likizo, anayeendesha ni konokono.

Ndani Levina alifika swali la nne. Marehemu aliikata njia yake katika vipande vinne, kila kipande na plagi yake chini ya meza, ili ugonjwa wa kimoja usiue vyote. Akatoa plagi ya Mlimba: nyekundu. Akairudisha, akatoa ya mlimani: nyekundu. Akatoa ya mtoni: nyekundu. Akatoa ya mwisho, na taa ikawa kijani.

Kipande cha mwisho kilikuwa stesheni ya Ifakara, ile ya sebuleni. Na Fulgence alikuwa ameishiwa visingizio: wageni ndio kwanza walikuwa wakiingia sebuleni.

Levina alisimama kidogo nyuma ya mlango. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kutokea, na mkononi alikuwa na sindano na kioo cha kukuzia maandishi. Maishani mwake hakuwahi kumpokea mgeni akiwa anatengeneza kitu. Mkwe mtarajiwa huonyeshwa nyumba iliyokamilika. Angeweza kuagiza sinia hata sasa. Valeria alimtazama, kitambaa cheupe kikiwa kimekunjwa kifuani.

"Mama, tukitumia sinia hainiumi," alisema polepole.

"Mimi itaniuma," alisema Levina. "Kaa na kitambaa chako."

Akaingia. Wageni walikuwa wamejaa kwenye makochi, Kija katikati, amenyooka kwenye suti kama aliyepigwa pasi akiwa ndani yake. Wakainuka. "Shikamoo mama!"

"Marahaba, karibuni sana," alisema Levina, na hapo hapo, mbele ya wakwe zake, akapiga magoti.

Alikuwa anataka kuona reli kwa ukaribu. Lakini wageni waliona kitu kingine kabisa. Mama wa nyumba, mwalimu, mkubwa wao, amewapigia magoti kuwasalimu! Kwa Wasukuma wale, ambao humheshimu mama mkwe mpaka na njia anayopita, hilo halikubaliki.

"Mama, hapana!" Evod alipaza sauti. "Sisi ndio wa kupiga magoti! Jamani, chini!"

Akashuka yeye. Mama aliyemtaja kobe akashuka. Wazee wawili wakashuka wakiguna kwa magoti yao, na Kija akashuka na suti yake. Sebule nzima ikawa chini, imeizunguka stesheni ya Ifakara, pua karibu na reli.

Levina akainua macho, akaona nyuso nane zikimtazama kwa taharuki. Akaanza kucheka. Hakuwa amekusudia, kicheko kilimponyoka.

"Inukeni, jamani. Sijawasalimu. Natafuta shoti."

Hakuna aliyeinuka. Walikwisha fika chini, na treni ilikuwa kitu cha kutazamwa. Levina akaweka kioo juu ya pointi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Kati ya reli na reli kuna mwanya mwembamba kama ukucha wa mtoto. Ndani ya mwanya kulikuwa na kitu cha kijivu kilichoviringika kama uzi wa nguo. Akakichomoa kwa sindano. Kikang'aa. Akakisogeza kwenye dirisha, akakitambua.

Ulikuwa unywele wa stilwaya, ile ya kusugulia masufuria.

Akakumbuka Ijumaa jioni. Enzi za uhai wake marehemu alikuwa akizifuta reli kwa kitambaa na spiriti, taratibu, kidole kwa kidole. Lakini Levina aliona kazi hiyo haiishi. Stilwaya ilikuwa mkononi, imetoka kwenye sufuria la pilau, na reli zilikuwa na weusi kidogo. Alizisugua zikang'aa kama fedha, akajisifu moyoni.

Akaipitisha sumaku ya mlango wa kabati juu ya reli zote za stesheni, nayo ikaota ndevu. Kisha akaenda chumbani, akarudisha plagi. Kijani, imetulia. Akaweka kichwa cha bluu na behewa moja. Valeria akaweka kitambaa bila kuangalia pembeni. Levina akabonyeza.

Sebuleni walisikia kwanza honi ndani ya ukuta. Kisha mwanga mdogo ukaonekana tunduni, kichwa cha bluu kikatokea, kikapita pointi bila kusita, kikapunguza mwendo kama kinavyopaswa, kikasimama mbele ya goti la Kija. Kija akakichukua kitambaa kwa mikono miwili. Vigelegele vilivyofuata vilisikika mpaka mto Lumemo.

"Wabeja! Wabeja sana!" walishukuru wazee wa Kija, bado wako chini.

Walipokwisha kaa na kupewa vinywaji, Evod aliuliza kwa upole wa mshenga, "Mama, treni yenu ilichelewa kidogo. Tatizo lilikuwa nini?"

Stefania alikuwa ameshafungua kinywa. "Ni huyu shemeji yake na spik—"

"Ni mimi," alisema Levina. Fulgence alishusha chupa yake. "Nilitaka nyumba ing'ae mbele yenu, nikasugua reli kwa stilwaya. Vinywele vyake ndivyo vilivyokata umeme. Na asubuhi nilimsingizia shemeji yangu hapa bila kosa. Shemeji, nisamehe, na msikie nikisema mbele ya wageni."

Alingoja aibu ije. Badala yake yule mama wa kobe alimgeukia Kija, akampiga bega.

"Umesikia, mwanangu? Tumeingia nyumba ambayo hata reli ya treni husuguliwa kama sufuria! Wewe ambaye viatu vyako hupigwa brashi Krismasi, jiandae!"

Walicheka mpaka Evod akamwaga soda. Kija mwenyewe alificha viatu chini ya kochi.

"Mimi nataka faini yangu," alisema Fulgence. "Nimesingiziwa, halafu nimegeuzwa konokono wa kivuko."

"Sema," alisema Levina.

"Niendeshe treni."

Kisanduku kile hakikuwahi kushikwa na mkono mwingine tangu marehemu aondoke. Levina alimtazama shemeji yake, akamtazama na wifi yake aliyekuwa anatabasamu sasa, kisha akampeleka Fulgence chumbani, akakiweka kisanduku mapajani mwake na kumwonyesha kidole kikae wapi.

"Polepole mlimani," alisema. "Kaka yako hakuwa na haraka."

Mchana ule wali wa Kilombero na samaki kitoga wa nazi vilifika mezani kwa sinia, kama kwa watu wengine. Lakini pilipili na chumvi viliwasili kwa treni, behewa kwa behewa, na kila vilipotokea tunduni wageni wa Lupiro walipiga makofi upya.