Chupa ya Mama Mkwe na Lori Lililokataliwa

Msomaji wetu huyu wa Stockholm ameomba tusimtaje. Kisa ni chake, sisi tumekipandisha tu.

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mrundi, naishi Skärholmen na mume wangu Mkongomani, watoto wetu wawili na mama mkwe wangu. Admin, nifiche vizuri, maana Waswahili wa huku tunajuana, na hata hao watakaocheka kwenye maoni nitakutana nao kanisani.

Mume wangu ana lori la zamani la kuhamishia watu vyombo. Ndilo linalotulisha. Tena ndilo linalobeba viti, masufuria na spika za kila harusi na kila msiba wa watu wetu, bure, kwa sababu mwanaume huyu hajui kusema hapana. Mwaka huu lilipoenda kwenye ukaguzi, ile besiktning, likakataliwa kwa sababu ya moshi. Akampa kaka yangu, tumbo moja kabisa, ambaye ni fundi huko Fisksätra. Kaka akahangaika nalo, akabadilisha vipuri, mwisho akasema, "Shemeji, sasa peleka bila wasiwasi." Na kweli moshi ulikuwa umeisha, hata mimi niliona.

Jumapili kabla ya kulirudisha ukaguzini, nilimkuta mama mkwe kwenye maegesho chini ya jengo letu, mkono mmoja juu ya lori, anaomba kwa sauti. Mkono wa pili ameshika chupa ya mafuta ya upako aliyopewa na mchungaji. Ilikuwa tupu. Nikamuuliza, "Mama, yote yameisha?"

"Nimeipatia yote, mutoto yangu," akasema. "Safari hii habatashinda."

Mafuta hayo alishayapaka mlangoni kwetu, kwenye mabegi ya watoto, hata kwenye kadi yangu ya kazini. Nikadhani amepaka matairi. Nikacheka kimoyomoyo, nikampokea mkoba, tukapanda juu.

Kesho yake lori likafika ukaguzini taa ya onyo inawaka. Likakataliwa tena, na safari hii likafungiwa kabisa, haliruhusiwi barabarani ila kwenda gereji au kurudi ukaguzini.

Kaka alipolifungua, aliniita pembeni akaninusisha kitambaa. Lori hili lina matangi mawili: la dizeli, ambalo kifuniko chake kina kufuli, na dogo lenye kifuniko cha buluu kisicho na kufuli, la maji maalumu ya kusafisha moshi. "Dada, kuna mtu ametia mafuta humu," akasema. "Mafuta kidogo tu yanaua mtambo mzima." Kitambaa kilinukia waridi. Hakuna mafuta ya gari yanayonukia hivyo. Nikaikumbuka ile chupa tupu ya mama mkwe, nikamrudishia kitambaa.

Mume wangu hakutaka kunusa chochote. Alichojua ni kwamba mtu wa mwisho kulishika lori ni kaka yangu. "Kaka yako ameniaribia gari makusudi, ili nirudi kwake kila wiki," akaniambia. Akamfukuza mlangoni mbele ya watoto, kisha akasimulia kanisani. Sasa watu wanachukua magari yao kwa kaka mmoja mmoja. Mama mkwe naye anatikisa kichwa: "Nilisema kuna mutu anafunga hii gari. Kumbe ni wa mu nyumba." Haki ya Mungu, hajui. Anaamini mafuta yake yalizidiwa nguvu na ubaya wa kaka yangu.

Mtaniuliza kwa nini sisemi. Ndugu wa mume wangu walipomkataza asioe Mrundi, mama huyu alisimama peke yake akasema atakayenikataa mimi amemkataa yeye. Nilipojifungua kwa upasuaji, aliniosha kwa mikono yake. Juzi alimwona mwanawe amekaa jikoni na nguo za kazi tangu asubuhi, hana pa kwenda, akalia kuliko mimi. Nikimwambia kwamba yeye ndiye aliyemnyima mwanawe kazi, itammaliza. Na mume wangu ataona namsingizia mama yake ili kumwokoa kaka yangu. Nina hasira na wote watatu, na wote watatu nawapenda. Nimechoka.

Sasa mume amepata fundi mwingine, Mswidi. Tangi limesafishwa, mtambo umebadilishwa, lori linarudi ukaguzini Jumatatu. Jana mama mkwe akaniita chumbani akanionyesha chupa mpya, kubwa kuliko ya kwanza. Vidole vinamuuma, anataka Jumapili baada ya ibada nishuke naye nimfungulie kile kifuniko cha buluu. "Tutamimina sisi wawili," akasema, akanishika shavu.

Tangu hapo kuna wazo linanitesa, naona aibu hata kuliandika. Nikimzuia, lori litapita, na watu watasema mnaona, limepona lilipotoka mikononi mwa kaka yake. Nikimwacha amimine, lori litakufa, lakini kila mtu atajua kaka hakuhusika, maana hajaligusa tena.

Kitu kimoja sijawaambia. Kabla ya haya yote, siku moja kaka alipokuja kula kwetu, mama mkwe alimpaka mafuta yale yale kwenye paji la uso, kaka akayanusa akacheka. Kwa hiyo aliponipa kile kitambaa ninuse, alikuwa anajua. Anajua, na anaitwa tapeli, na hajafungua mdomo, kwa sababu mimi ndiye ninayeishi ndani ya nyumba hii.

Jumapili ni keshokutwa. Ndugu zangu, nishaurini: nifungue mdomo, au nifungue kile kifuniko?