Kidole Nilichomnyanyulia Daktari

Katika miaka yote niliyosimama uwanjani kama mwamuzi wa kriketi hapa Maskati, yule daktari Mskochi hakuwahi kunipa kazi. Wapigaji wengine ni watu wa kesi. Mpira ukigusa gongo lao na kudakwa nyuma, husimama palepale wakitazama mawingu, na hapa kwetu hata mawingu yenyewe hayapo, mpaka niwanyanyulie kidole cha kuwatoa mchezoni. Hata hapo huondoka wakinitazama kama nimewaibia kuku. Yeye akijua ameugusa alijitoa mwenyewe. Alitia gongo kwapani akaenda zake, mrushaji hajamaliza hata kupiga kelele. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, mpiga chapa wa mji mdogo wa Uskochi ambako, alisema, mechi nyingi zilichezwa na mvua.

Maisha yake yote alicheza bila malipo. Aliwahi kuchaguliwa kuichezea nchi yake akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, akacheza kidogo, kisha mitihani ikamtoa. Baadaye alikwenda kutibu macho katika hospitali moja ya Tanga, na huko ndiko alikopata Kiswahili chake, halafu akaja Oman. Hapa alikuwa daktari wa kupasua macho siku za kazi, na Ijumaa asubuhi alikuwa mpigaji katika timu ya makarani na mafundi, Wahindi na Wapakistani, kwenye kiwanja cha changarawe kule Ghubra chenye mkeka wa kijani katikati. Mimi nimestaafu kutoka benki moja ya Ruwi. Kriketi niliipata Unguja kwa marehemu baba yangu, na sifa yangu ni masikio. Nasikia vizuri sana, na yale ninayoyasikia hunikasirisha upesi.

Mke wangu ana jicho moja. La kushoto lilikufa kwa surua akiwa mtoto, na la kulia liliingia mtoto wa jicho, likafifia taratibu mpaka akawa anachambua mchele kwa vidole na kuisikiliza Kurani kwenye simu badala ya kuisoma katika Mus'haf. Jambo hilo la simu lilimuudhi kuliko giza lenyewe. Miaka miwili aliwakataa madaktari. Likiharibika hilo, alisema, hana jingine la akiba. Aliyemtuliza ni yule Mskochi, ambaye ni jirani yetu, kwa kuja kunywa kahawa na kumwelezea kila hatua ya upasuaji kwa Kiswahili mpaka akachoka kuogopa. Siku ikapangwa, Jumapili.

"Nnamtaka yeye tu," mke wangu aliniambia. "Mkono mwengine ukinigusa jicho, mimi nnanyanyuka kitandani."

Alhamisi alasiri, siku tatu kabla, daktari alikuja kama kawaida. Nyumbani kwetu kahawa haikai katika chupa ya chai. Mke wangu huichemsha katika dele la shaba alilorithi kwa mama yake na kulileta mezani likitokota. Alipolitua, lilikaa upande, likataka kuanguka. Daktari akalidaka kwa kiganja, si kwa mkono wa dele bali tumboni, akalishika hivyo mpaka likasimama sawa, huku akiendelea kunisimulia habari za mechi ya kesho.

"Hujaungua?" nikamuuliza.

"Kidogo tu," akasema, akalitazama dele kwanza, kisha kiganja.

"Mikono ya daktari huyo," mke wangu akacheka, "imezoea mambo." Nami nikacheka.

Ijumaa tulianza mapema ili tuwahi sala. Ilikuwa mechi ngumu, timu yake ikihitaji mikimbio michache ishinde na yeye ndiye tegemeo lao la mwisho. Mrushaji, kijana mrefu mwenye pupa, alirusha mpira uliodunda karibu na ukingo wa mkeka na kukata nje. Daktari akaunyoshea gongo. Nilisikia tik, wazi kabisa, kama kucha inavyogonga meza, na mpira ukatua katika mikono ya mdakaji wa nyuma.

Uwanja mzima ulipiga ukelele. Mimi sikushughulika. Nilishaanza kuhamisha vijiwe vyangu vya kuhesabia mipira mfukoni, nikimngoja atie gongo kwapani.

Hakuondoka. Alikuwa anatengeneza miguu yake kwa mpira unaofuata.

Nilidhani anafanya mzaha. Nikamtazama usoni, nikaona hakuna mzaha wala hila. Ni uso wa mtu asiyejua kumetokea nini. Mpigaji huujua mguso kwa mikono kabla ya masikio. Mtetemo hupita ndani ya gongo, ukavuka glovu, ukaingia vidoleni, na mtu aliyecheza tangu utotoni haukosi, hata uwe mdogo namna gani. Hapo ndipo nilipoliona tena lile dele. Sikuwaza mechi. Niliwaza jicho la mke wangu, na kisu kilicho chembamba kuliko unyasi, katika mkono usiosikia shaba inayotokota.

Wale wachezaji walikuwa wananipigia kelele kwa lugha tatu. Nikinyanyua kidole, watasema naye leo amengoja ahukumiwe kama wengine. Nisiponyanyua, nimewadhulumu wao. Nikanyanyua.

Daktari alinitazama kwa mshangao mtupu. Kisha akatazama gongo, kisha akaziinamia glovu zake, kwa muda, mpaka mdakaji akamwambia kwa Kiingereza kwamba amri ni amri. Akaondoka. Nyuma yake mtu akasema, "Kumbe na yeye!" wakacheka.

Mechi ilipokwisha nilimkuta kwenye maegesho, amekaa katika gari lake mlango wazi, glovu amezivua, anabonyeza ncha za vidole kimoja kimoja kwenye usukani. Njiani nilikuwa nimeshaipanga sentensi yangu. Ilikuwa kali.

"Uligusa?" akaniuliza kabla sijafungua kinywa.

"Uligusa."

"Sana?"

"Mimi nimesikia upande wa pili wa mkeka, daktari."

Jua lilikuwa limeshapanda na bati la gari lilinichoma mkono nilipoegemea, nikautoa haraka. Aliona nilivyoutoa.

"Vidole viwili nilijua vina ganzi, mzee," akasema. "Tangu miezi kadhaa. Nikasema ni uzee, ni shingo, ni kulala vibaya. Asubuhi huwa vizuri. Mkono mzima sikujua."

"Ulijua vidole viwili!" Sauti yangu ilipanda mpaka wale vijana wakageuka. "Na Jumapili ungeingia na hivyo vilivyobaki?"

Nilikuwa tayari kumwambia yaliyosalia, na mengine ambayo mtu hamwambii jirani. Hakuningoja. Alichukua simu, akampigia muuguzi mkuu, akamwambia kwa utulivu amwondoe katika orodha ya Jumapili na katika orodha zote zinazofuata, na kwamba atakwenda mwenyewe kumweleza mkubwa wa hospitali. Kisha akaiweka simu pajani. Alikuwa analia, nami hasira yangu sikujua niipeleke wapi.

"Mama nitamwambia mimi mwenyewe," akasema. "Usinitangulie."

Alikuja baada ya sala. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kitu ambacho mimi mumewe sijawahi kukipata. Nilijua anaogopa, na nilijua kwamba akikataa sasa, hatakubali tena, na lile jicho tutalizika likiwa hai.

"Nipe mikono," akasema.

Daktari akampa. Akaipokea mapajani, akaipapasa kiganja mpaka ncha, kama anavyochambua mchele. Daktari alikuwa anamwelezea habari za daktari mwengine, binti wa Kiomani aliyefundishwa naye mwenyewe, mwenye mkono mwepesi kuliko wake hata zamani, akimsihi asiahirishe sana. Mke wangu akambana kidole cha shahada kwa kucha, kwa nguvu zake zote. Niliona kucha ikizama. Daktari aliendelea kuzungumza, akimtazama usoni, wala sentensi haikukatika.

Mke wangu akamwachia kidole pole pole, akakifunika kwa kiganja chake.

"Basi na aje huyo binti," akasema. "Lakini na wewe uwepo."

Alikuwepo. Siku ya upasuaji alisimama nyuma ya yule mwanafunzi wake, mikono mgongoni. Kiwanjani hakurudi, na wale waliosema "kumbe na yeye" hakuwaeleza neno. Mimi ndiye niliyewaeleza, bila adabu. Alikaa Maskati miezi michache zaidi kabla ya kurudi kwao, na kila Alhamisi alikuja kunywa kahawa.

Lile dele mke wangu alianza kuliacha jikoni mpaka lipoe, ndipo alilete. Kahawa ya vuguvugu ni balaa, na mimi nililalamika kila mara, nikaambiwa ninywe au niache. Jicho analo, anasoma nalo kila alfajiri. Lakini wiki zile za mwanzo, bandeji imetoka tu na bado amekatazwa kulichosha, kazi ya kwanza aliyolipa jicho hilo ilikuwa kuvitazama vidole vya yule bwana kila aliponyanyua finjani, hata ya kahawa iliyopoa, asije akaungua na mwenyewe asijue.