Unga wa Wajane

Kanisani kwetu, katika mji wa Baraka, hakuna mama aliyetia unga wa bugali majini kabla ya kutoa kiganja kimoja na kukiweka ndani ya kopo. Kopo lilikuwa la Bwana. Jumapili kila mmoja alibeba lake chini ya kikwembe alichojifunga, shemasi mama akayamimina yote kwenye kikapu, na kikapu kikaenda kwa wajane. Nami nilitoa, ila nilikunja vidole. Mtu aliyepima ndagala, vile visamaki vya ziwa, sokoni miaka kumi anajua namna ya kuujaza mkono usijae.

Ilikuwa miaka ya chama kimoja, tulipoitana sitwayen, yaani raia, kwa amri, na askari walikuwa wakiwasaka waasi katika milima ya Fizi. Mume wangu alipeleka chumvi Kilembwe kwa baiskeli, mfuko mmoja kila safari, akarudi na maharagwe. Juma moja nilipata chumvi ya ng'ambo ya ziwa kwa bei nzuri, baada ya kubishana na mwenye mtumbwi mpaka akaniuliza kama kweli kuna mwanamume anayeishi na mimi.

"Beba tatu," nilimwambia mume wangu.

"Moja inatosha. Kwa bariyeri banahesabu."

"Na mi nahesabu. Ubebe moja ao tatu, njia ni ile ile."

Alicheka, akaifunga mifuko kwenye baiskeli. Nilihesabu mara mbili. Mitatu.

Askari waliofunga njia pale bariyeri nao walihesabu. Jirani aliyekuwa naye njiani alirudi mbio kunieleza: wamesema mfuko mmoja ni wa kuuza, mitatu ni ya kulisha waasi, na wamempeleka kambini.

Kesho yake nilienda kambini.

"Sitwayen, huyo mutu hatumujue," aliniambia askari wa mlangoni.

"Baiskeli yake ile pale. Ile kitambaa nyekundu ya kiti nilishona mimi."

"Baiskeli tunaijua. Mutu, hapana."

Nilirudi kila asubuhi. Siku ya saba hata baiskeli haikuwepo.

Ndipo nikaanza kubishana na Mungu. Nilifungua vidole. Kiganja kilichojaa, kisha viwili, hata siku ambazo unga wenyewe haukufika viganja kumi. Nilimwambia wazi: Bwana, hiyo ndiyo bei yangu ya mwisho, nipe mtu wangu. Basi nikajaribu ujanja wa sokoni, nikajifanya naondoka ili aniite. Nikaligeuza kopo kifudifudi, nikaacha kwenda kanisani. Majuma matatu. Hakuniita.

Juma la nne, saa ya jua kali, waliingia mama watatu uani kwangu, shemasi mama mbele, kikapu kichwani. Nilikijua kile kikapu.

"Murudishe hicho kikapu," nilisema kabla hawajaketi. "Mi si mujane."

"Nani alisema we mujane?"

"Kikapu kinasema."

Alikitua, akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa. Yeye mwenyewe alikuwa mjane. Mume wake alipotelea ziwani upande wa Ubwari, na mwili haukuonekana.

"Batoto yako banakula nini?"

"Banakula."

"Tangu lini?"

Binti yangu mdogo alikuwa ameshaingiza mkono kikapuni, analamba unga mkavu.

"Nikipokea," nilisema, "nimesema amekufa."

"Mi nilikataa hiki kikapu mwaka muzima. Ile haikumurudisha bwana yangu. Batoto tu ndio balikonda. Kumungojea utamungojea, mama, lakini ungojee na kitu mu tumbo."

Hapo ndipo nikamwambia nisilokuwa nimemwambia mtu. "Mifuko tatu. Ni mimi nilimubebesha."

Hakuniambia kwamba ni mpango wa Mungu. Ningemfukuza na kikapu chake. Alipiga magoti juu ya maganda ya muhogo, na wenzake nao.

"Bwana," aliomba, "huyu anasema mifuko ilikuwa tatu. We unajua. Tunamutaka bwana yake. Na kama hatumupate, usituache."

Walipoondoka niliteka maji, nikawasha moto. Nilijaribu kutambua katika kikapu unga wa nani ni upi. Wa jirani ulikuwa na mchanga, kama kawaida yake; mwingine ulinuka moshi. Wote ulikuwa umechanganyika. Maji yalipochemka, kabla ya kutia, mkono wangu ulichota kiganja, ukaligeuza kopo wima na kukitia ndani. Vidole vilikuwa wazi. Sikuomba kitu.

Mume wangu hakurudi. Nimeihesabu miaka, nikairudia.

Jumapili iliyofuata siku ile ya kikapu niliingia kanisani na kopo langu, nikasimama katikati, kwa sababu wajane walikuwa na benchi lao, wenye waume nao lao, nami sikujua langu. Shemasi mama aliniona. Alitoka kwenye benchi lake, akavuta mkeka, akaukunjua pale chini kati ya mabenchi mawili, akakaa, akaupiga mkeka kando yake kwa kiganja mara mbili, kuniita.