Wanakata Matofali kwenye Ukuta wa Bibi

Munisamehe herufi zangu mbaya. Niliishia darasa la sita na mkono wangu ni mzito, lakini kunyamaza kumenishinda.

Juzi nilirudi mjini kwetu Baraka kutoka Kazimia, kwa njia ya ziwa. Nikiwa bado ndani ya boti niliona moshi kilimani, pale kwenye ngome yetu. Nilidhani watu wanachoma majani, kumbe ni tanuru la matofali.

Ngome ile haina jiwe hata moja. Wakati wa vita watu wa mji walichimba mtaro, udongo wake wakaupandisha kuwa ukuta mrefu, adui asiingie. Kila jamaa, wazazi na watoto wao, ilipewa kipande chake cha ukuta. Bibi alibeba udongo kwa beseni kichwani, mama yangu akiwa mgongoni. Siku risasi zilipolia, walilala nyuma ya kipande chao wakapona.

Mimi niliukuta ukuta umeshaota majani. Mvua zikiisha, bibi alitupandisha kuziba nyufa. Mama mmoja mfugaji alishuka kutoka milimani Bibokoboko na mavi ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa, maana jamaa yake nayo ilikuwa na kipande, kando ya chetu. Tulikanyaga udongo na mavi mpaka ukavutika kama bukari, ule ugali wetu, tukapaka kwa viganja. Bibi alitutania kwa matope ya usoni, "Munapaka ukuta ao munapaka mapua?" Mama yule alicheka mpaka akamwaga maziwa. Halafu tulikula muhogo wa kuchoma na dagaa wetu wa ndakala, mikono bado inanuka ng'ombe.

Juzi nilipanda. Ukuta umeshachimbwa kwa matofali, kimebaki kipande chetu na cha yule mama, basi. Fundi wa matofali alikuwa anainua jembe. Mimi ni mtu wa haya, lakini nilipiga kelele: "Acha! Ni ukuta wa bibi yangu!"

"We dada, ukuta gani? Ni udongo tu. Bibi yako iko wapi, aseme ni yake?"

"Alishakufa."

"Basi na ukuta ulishakufa." Wenzake wakacheka. "Leta muntu mwenye alijenga. Tanuru hii ikiisha kuungua, tunarudia hapa."

Watu walipona nyuma ya udongo ule, leo unauzwa kama hauna mwenyewe!

Wewe unayesoma, kama mama yako alibeba beseni, kama wewe ni mtoto wa yule mama wa Bibokoboko, niandikie kabla tanuru halijapoa. Hata kwa herufi mbaya kama zangu. Sema tu: kipande chetu kilianzia hapa, kikaishia pale.