Kartushi Niliyoiosha

Jana asubuhi bata wa pori walipita juu ya mabati yangu wakipiga miluzi, nikatoka nje mbio na povu la sabuni usoni. Mimi huyu, rafiki yangu, ambaye hata sokoni siendi mpaka nisukumwe! Miluzi ile ilinirudisha pale mto Ruzizi unapoingia ziwani, siku pekee niliyowahi kuwa mwindaji.

Watu waliotaka kumposa shangazi walikuwa wanakuja saa sita, na babu alishajitapa mbele yao kwamba atawalisha bata wa pori. Kaka aliyezoea kumwokotea ndege alilala na malaria. Basi nikang'olewa jikoni, nilikokuwa nikimenya muhogo kwa raha zangu.

Bunduki ya babu ilikuwa kuukuu, mitutu miwili bega kwa bega. Kartushi zake, yaani risasi za marisau, zilikuwa na ganda la karatasi ngumu, na nyanya, mke wake, alizifukia ndani ya unga wa muhogo zisishike unyevu. Zilibaki mbili tu. Nikapewa mimi kuzibeba.

Tulipofika kwenye matete nikaziona nyeupe kwa unga. Mtoto wa jikoni nikaona haya: utampaje mzee kitu kichafu? Nikachutama ukingoni, nikaisugua ya kwanza hadi ikang'aa.

"Weye! Unafanya nini?" babu akanong'ona.

"Minaiosha, babu. Iko na unga."

"Kartushi iko sahani?"

Karatasi ilikuwa imevimba, ikagoma kuingia mtutuni. Babu akanitazama kwa muda wa kusali Baba Yetu nzima, kisha akatia ile moja iliyobaki. Mbele yetu bata walijaa majini. Babu hakufyatua. Akangoja, akangoja, mpaka wakasogeleana. Puu! Moshi, mabawa, makelele! Wawili wakaanguka, mkondo ukaanza kuwavuta kuelekea ziwani.

Nikasahau mamba, nikasahau viboko, nikajirusha kifudifudi na kuogelea kwa nguvu zote huku nikimwita Bikira Maria.

"Simama, mupumbavu weye!" Babu alicheka hadi akakaa matopeni. "Maji iko ku magoti!"

Nikasimama. Nikakimbia. Nikawakamata wote wawili kwa shingo.

Nyumbani tulikuta sufuria inachemka tayari: nyanya alikuwa amesikia mlio, akateleka. Majirani nao walishafika, huyu na ndimu, yule na pilipili. Shangazi akaposwa, nami nikapewa firigisi, haki ya mwokotaji.

Babu hayupo tena, na ziwa limepanda likameza matete yale. Hayo nimeyazoea. Ila siku hizi bunduki ikilia hapa Uvira, wanangu hujilaza sakafuni kabla sijafungua mdomo, nami najilaza kando yao. Nitawaambiaje kwamba palikuwa na nyumba ambamo mwanamke akisikia mlio kama huo alicheka, akaenda kuteleka maji?